Majina ya Masika

Kwa miaka sita Mama Leodegar alikuwa wa kwanza kwenye foleni kila Ijumaa. Aliteremka kutoka kilimani na kanga zake mbili na mwavuli, mvua iwepo isiwepo, akasimama mbele ya dirisha namba mbili la Dawati la Mto, akasukuma kitambulisho chake chini ya kioo na kuuliza swali lile lile.

"Leodegar amegusa mto?"

Pelagia Mkude aliandika jina kwenye kompyuta, akasubiri.

"Ndiyo, mama. Amegusa."

"Basi yu hai," Mama Leodegar alisema, kama alivyosema wiki iliyopita na wiki ya kabla ya hapo. "Amekaidi tu kurudi. Ahsante, mwanangu."

Kisha alikwenda sokoni kununua dagaa, kwa kuwa Leodegar alipenda dagaa na huenda angetokea Jumamosi. Kitanda chake kilikuwa bado kimetandikwa. Ndugu zake Mama Leodegar, wajomba wa kijana, walimwambia mara mbili kwamba imetosha, waweke matanga. Mara zote mbili aliwafukuza kwa mwiko. Angewezaje kumlilia mtoto ambaye mto wenyewe ulisema amepita?

Mto Lusangazi ulishuka kutoka misitu ya Uluguru mpaka kwenye tangi la mji wa Lukenge, na ndani yake zilisimama nguzo kumi na mbili. Kila nguzo ilivuta maji saa zote, ikapima tope, chumvi, joto, na mbolea iliyokimbia mashambani. Ilisoma pia vinasaba: ngozi ya chura, mate ya ng'ombe aliyeinama kunywa, unywele wa mtu aliyeoga. Na kwa kuwa kila aliyezaliwa alitolewa tone la damu likasajiliwa, mto ulimjua kila aliyeugusa kwa jina lake la ubatizo na la ukoo.

Nguzo ziliwekwa ili kuwakamata watupa taka. Baada ya mafuriko makubwa kutawanya watu, jamaa za waliopotea wakapewa haki ya kuuliza. Mwanzoni waliambiwa kila kitu, nguzo gani na siku gani. Halafu mwanamume mmoja akaambiwa mahali mke wake aliyemkimbia alipokuwa akifulia, akamfuata, akamuua pale pale juu ya jiwe la kufulia. Tangu siku hiyo kukawa na Sheria ya Neno Moja. Karani ataangalia miezi kumi na miwili iliyopita, ajibu ndiyo au hapana, na basi. Picha ya mwanamke yule ilibandikwa ukutani nyuma ya viti vya makarani, ili atakayetamani kusema neno la pili ageuke amtazame kwanza.

Pelagia aliiheshimu sheria hiyo. Hakuwahi kumwambia mtu neno la pili.

*

Mwezi wa sita, masika yalipokwisha, alikaa kuandaa ripoti ya mwaka ya ubora wa maji. Alikuwa karani wa dirishani, lakini ndiye peke yake ofisini aliyesomea takwimu, hivyo kazi hiyo ilimwangukia kila mwaka. Alipanga vipimo nguzo kwa nguzo na majira kwa majira, masika upande mmoja na kiangazi upande mwingine, akatafuta tofauti ambazo mvua na kilimo visingeweza kuzieleza.

Fosfeti ndiyo iliyomsimamisha. Kwa kawaida hupanda mvua za kwanza zinapoosha mashamba, kisha hushuka. Ikifika mwezi wa tano maji yamekwisha kutulia. Nguzo ya Tano haikufuata kawaida hiyo. Yenyewe ilianza kupanda mvua zikielekea ukingoni, wakati ardhi imeshiba maji mpaka chini kabisa. Na juu yake hapakuwa na shamba hata moja. Nguzo ya Nne, iliyokuwa mbele yake kwa upande wa mlimani, haikuonyesha kitu. Ya Sita ilionyesha kidogo, na ya Saba kidogo zaidi, kama harufu inayofifia.

Alidhani kipimo kimeharibika. Akavuta rekodi za nyuma. Miaka sita mfululizo nundu ile ile ilikuwa mahali pale pale. Mwaka wa saba kurudi nyuma, hakuna.

Akaiuliza kompyuta ni kitu gani kingine kwenye Nguzo ya Tano kinachopanda na kushuka kwa mtindo huo huo. Alitegemea aina ya madini, au majani ya msituni yanayooza. Kompyuta ikampa orodha ya watu tisa. Wa nne alikuwa Leodegar Kobelo. Ndipo alipokumbuka kwamba fosfeti haitoki kwenye mbolea tu, hutoka pia kwenye mifupa.

Pelagia alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka mezani polepole. Chai ilichemshwa kwa maji ya bomba, bomba lilitoka tangini, na tangi lilijazwa na mto. Aliimwaga chai ile kwenye chungu cha maua, kisha akayatazama maua na kukumbuka kwamba nayo humwagiliwa maji yale yale.

Hakwenda nyumbani kula mchana. Alichukua majina yote yaliyowahi kujibiwa ndiyo kwenye madirisha yote, mia nne na kumi na mawili, akalipanga kila moja juu ya nguzo na majira. Umbo likajitokeza haraka mno, akatamani lingekawia. Walio hai waliugusa mto wakati wa kiangazi. Visima vikikauka watu huteremka kuoga na kufua, leo hapa, kesho pale. Masika hukaa mbali kwa sababu maji yana tope na nguvu. Majina yao yalitapakaa kwenye chati kama mtama uliomwagika. Lakini yalikuwapo majina thelathini na moja ambayo kiangazi hayakuonekana hata siku moja. Yalikuja na masika, kila moja mahali pake, wala hayakusogea.

Kichwani mwake akayaita majina ya masika. Aligeuka akaitazama picha ya mwanamke ukutani, kisha akafikiria Ijumaa zote zile. Kila ndiyo aliyoitoa ilikuwa kweli.

*

Chati ilimwambia huenda. Mama wa mtu hawezi kupewa huenda. Kwa hiyo Jumatano alimwomba Apolinari Banzi, fundi aliyesafisha nguzo zote kumi na mbili, ampeleke juu.

Banzi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyezoea kufanya kazi peke yake mtoni. Walikwenda kwa pikipiki ya umeme mpaka barabara ilipokufa, kisha kwa miguu. Pelagia alimweleza njiani, kwa sababu hakuona haki kumtembeza mtu gizani.

"Tisa," Banzi alisema. "Kwenye Nguzo ya Tano. Pale palikuwa na machimbo ya ulanga. Mwenye shimo alitangaza kwamba vijana wake wameacha kazi, wamehamia machimbo ya kusini. Na mimi niliamini."

Ng'ambo ya nguzo ulikuwa mteremko uliobonyea katikati, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Majani ya hapo yalikuwa mabichi kuliko ya pembeni. Vipande vya ulanga vilimetameta kwenye udongo mithili ya magamba ya samaki, na chini kabisa maji yalichuruzika taratibu kuingia mtoni. Walizunguka ule mbonyeo mara moja. Mara ya pili Banzi akasimama, akaonyesha kwa kidole.

Kichwa cha ngazi ya miti kilichomoza kwenye udongo, vipandio viwili tu.

"Walihamia kusini," Banzi alisema, "ngazi wakaiacha shimoni."

Akavua kofia. Pelagia alitaka kusali, akashindwa kupata hata neno la kwanza la Baba Yetu. Walisimama mpaka jua likawachoma visogo.

Angeweza kurudi mjini hapo hapo. Lakini kwenye orodha yake kulikuwa na jina jingine la masika lililokuwa peke yake, kwenye Nguzo ya Pili, mwendo wa saa mbili kupanda. Skolastika Kunambi, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Baada ya kuona ngazi, Pelagia aliamini hesabu zake. Alitaka tu kuona mahali alipolala yule dada, ili siku moja aweze kumwambia mtu kwamba alifika.

Walipanda. Karibu na Nguzo ya Pili waliona kijia chembamba, kisha migomba, kisha kijumba cha udongo chini ya mianzi. Mwanamke alikuwa akitoka nyuma ya nyumba na ungo wa maharage. Alipoona koti la Dawati la Mto, ungo ulimtoka mikononi.

"Amewatuma Gaudensi?"

"Hakuna aliyetutuma," Pelagia alisema. "Wewe ni nani, dada?"

Lakini alishamjua. Alikuwa ameiona picha ya kitambulisho chake asubuhi ile.

Skolastika aliwakaribisha ndani kwa sababu aliogopa kuwaacha nje. Aliongea akiwa amesimama karibu na mlango wa nyuma. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Kiwiko kiliungana vibaya na kubaki kimekunjwa, kama mtu aliyebeba mtoto asiyeonekana. Alisema Gaudensi Mloka, mume wake, alimvunja mkono huo mara mbili, na mara ya pili alimzuia kwenda hospitali. Ni miaka minne sasa tangu akimbie. Alijua habari za nguzo, kwa hiyo hakuwahi kukanyaga mtoni. Alichota maji ya chemchemi, akaogea nyuma ya nyumba.

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi. Hata kama nanuka."

Pelagia alichungulia nje. Kutoka kwenye jiwe la kuogea, mfereji mwembamba uliochimbwa na mvua uliteremka kati ya migomba moja kwa moja mpaka mtoni. Masika yalikuwa yakimwosha uwanjani kwake na kumpeleka mtoni, kidogo kidogo, kama yalivyowaosha wale tisa.

"Umenipataje?" Skolastika aliuliza.

"Kwa hesabu. Nilidhani umekufa."

Uso wa Skolastika ukalegea kidogo, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Basi niacheni hivyo hivyo," alisema.

"Hakuna ndugu anayejua?"

"Hakuna hata mmoja. Angekuwepo, Gaudensi angempiga mpaka aseme."

Wakati wa kurudi Pelagia alitembea mbele. Hesabu ile ile ilikuwa imemwonyesha kaburi la watu tisa na nyumba ya mtu aliye hai, na kwenye chati vilifanana. Banzi alimuuliza kama atawaambia wazazi wa wale tisa. Alisema hajui. Walipofika kwenye pikipiki akasema, "Kama ungekuwa wewe mama yake, ungetaka kuja dirishani kila Ijumaa mpaka ufe?"

"Mimi ni fundi wa nguzo tu," Banzi alijibu. Kisha akasema, "Nisingetaka."

*

Ijumaa Mama Leodegar alisukuma kitambulisho chini ya kioo.

"Leodegar amegusa mto?"

Pelagia alifunga dirisha, akatoka kwa mlango wa pembeni, akamshika mkono na kumkalisha kwenye benchi la uani, mahali ambapo makarani huanika viatu. Alikuwa amejiandalia maneno tangu Jumatano. Yote yakapotea.

"Mama," alisema, "Leodegar haugusi mto. Mto ndio unaomgusa yeye."

Mama Leodegar alimtazama mdomoni, kama kiziwi.

"Wapi?"

"Kwenye machimbo ya ulanga, karibu na Nguzo ya Tano. Shimo lilibomoka. Yuko na wenzake wanane. Nimekwenda, nimeona ngazi yao."

"Tangu lini?"

"Tangu masika yale ya kwanza."

"Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza niliyokuja hapa..."

"Alikuwa tayari huko, mama."

Mwavuli ulianguka. Hakuna aliyeuokota. Mama Leodegar alitazama bomba la uani, lile linalodondosha hata likifungwa, na Pelagia aliona wazo likimjia na hakuweza kulizuia.

"Nimekuwa nikimpikia dagaa kwa maji haya," yule mama alisema. "Nimekuwa nikimpikia yeye kwa yeye."

Hakupiga kelele. Alijifunga kanga kiunoni, akainuka, akaondoka na kuacha kitambulisho na mwavuli. Jumapili, baada ya misa, ukoo mzima wa Mama Leodegar na koo nyingine nane zilipanda mlimani na majembe. Walichimba siku mbili. Waliwapata wote tisa.

Mkuu wa ofisi alimwandikia Pelagia barua ya onyo kali, akamwachia kazi yake, kwa kuwa hakuwa na karani mwingine wa takwimu, na kwa kuwa mjini watu walimsimamisha njiani kumshukuru kwa ajili ya karani wake. Lakini siri ya chati haikukaa. Banzi alimwambia mkewe, na mkewe hakuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye. Wiki ya pili foleni ilizunguka jengo. Watu hawakuuliza tena kama ndugu yao amegusa mto.

"Wa kiangazi au wa masika?" waliuliza.

"Sheria inaniruhusu neno moja," Pelagia alijibu kila mmoja.

Aliwaona wakifurahi. Alikataa kumwambia mzee mmoja habari za binti yake, na mzee akatoka akiimba, akawaambia waliobaki nje kwamba binti ni mzima, la sivyo karani angemshika mkono kama alivyomshika Mama Leodegar. Jina la binti huyo lilikuwa miongoni mwa yale thelathini na moja. Pelagia alikuwa hajafika bado mahali pake kuangalia. Jioni hiyo alikaa mbele ya sahani ya ugali akashindwa kunawa mikono, kwa sababu maji ndani ya bakuli yalikuwa ya mto ule ule.

*

Jumanne alikuja mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi, kofia mkononi, aliyesubiri zamu yake bila kusukumana na mtu.

"Shikamoo," Pelagia alisema.

"Marahaba, dada yangu. Pole na kazi. Naitwa Gaudensi Mloka. Namuulizia mke wangu, Skolastika Kunambi."

Vidole vya Pelagia viliandika jina vyenyewe. Skrini ikajibu.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo ya masika au ya kiangazi?"

"Sheria inaniruhusu neno moja, kaka."

Gaudensi aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu anayemsaidia mwenzake kuelewa.

"Wale tisa uliwasema. Waliokufa unawasema, dada yangu. Basi ukininyamazia mimi, nitajua nini? Nitajua yuko hai na yuko karibu na huu mto. Nguzo ni kumi na mbili tu. Nitaanza ya kwanza, niende nyumba kwa nyumba. Nina muda."

Foleni nyuma yake ilikuwa imetulia kusikiliza. Nyuma ya Pelagia kulikuwa na picha ya mwanamke wa jiwe la kufulia. Hakugeuka, lakini alijua yupo hapo, akimtazama kisogoni. Hapana nayo isingesaidia tena. Alishasema ndiyo. Na ukimya, ambao kwa miaka yote ulikuwa ukuta mmoja kwa wote, aliutoboa mwenyewe kwa mkono wake siku alipofungua ule mlango wa pembeni.

Kichwani mwake alimwona Skolastika amesimama karibu na mlango wa nyuma, mkono umekunjwa.

"Wa masika," Pelagia alisema.

Alitegemea atamwona akikasirika kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Gaudensi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakadondokea kwenye shati.

"Nilimpenda," alisema. "Wao hawajui. Nilimpenda sana."

Gaudensi alipangusa uso kwa kiganja.

"Niambie yuko wapi, nikamzike."

"Chini ya Nguzo ya Kumi na Mbili. Kwenye matete." Ilimshangaza jinsi ulivyotoka kwa urahisi uongo huo, mzima, na matete yake. "Ni kinamasi, maji yameshamtawanya. Hakuna cha kuzika. Pole sana, kaka."

"Pole," watu wa foleni waliitikia. "Pole, bwana. Mungu akutie nguvu." Mwanamke mmoja alijitoa kwenye foleni na kuanza kukimbia kuelekea mtaa wa Misheni, na Pelagia hakuelewa anakimbilia nini mpaka mtu mwingine aliposema, "Maskini, nani atamwambia mama yake?"

*

Matanga yaliwekwa nyumbani kwa mama yake Skolastika, Bi. Perpetua Kunambi, kama ilivyo desturi ya Waluguru kwamba mtu hulala kwa upande wa mama yake. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, wajomba walichimba kaburi fupi nyuma ya nyumba na kuzika gauni lake la komunyo, kitana chake, na kanga moja.

Pelagia alikwenda siku ya pili. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya sentensi moja. Angeingia, angeketi, angeinama kama anayetoa pole, na kumnong'oneza yule mama sikioni: yu hai, nimemwona, analima maharage. Sentensi fupi tu. Alishavunja sheria mara mbili, ya tatu isingemuua.

Chumba kilijaa wanawake kwenye mikeka. Juu ya kimeza kulikuwa na mshumaa na picha ya Skolastika akiwa msichana, mikono yote miwili imenyooka. Bi. Perpetua aliketi chini ukutani, mwanamke mfupi, aliyelia mpaka sauti ikakauka na bado mwili ukaendelea kutikisika bila sauti.

Karibu na mlango, kwenye kigoda cha wakwe, aliketi Gaudensi, kichwa kimenyolewa. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akimtazama Bi. Perpetua. Kila mgeni alipoingia na kumwinamia yule mama, Gaudensi alitazama uso wa mama kabla na baada, kwa utulivu, kama mtu anayesoma kipimo.

Ndipo Pelagia alipoelewa. Mtu huyu aliamini mto, lakini alikuja kuhakikisha. Kama Skolastika alikuwa hai, mama yake angejua, na kama mama yake alijua, uso usingeweza kuficha kwa siku tatu mbele ya macho yale. Kilichomlinda Skolastika kule juu kilikuwa kilio cha mwanamke huyu, mradi kiwe cha kweli.

Alikanyaga katikati ya miguu ya watu, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Pole sana, mama."

"Ni nani huyu?" Bi. Perpetua aliuliza.

"Ni yule karani wa mto," mtu alisema.

Bi. Perpetua alimshika viganja vyote viwili. Viganja vyake vilikuwa vya moto.

"Ahsante, mwanangu. Miaka minne nilikuwa sijui nilie au nisilie. Wewe ndiye uliyeniambia." Akavuta pumzi. "Wewe unayejua mambo ya maji. Aliumia?"

Kigoda cha mlangoni kilitoa mlio mdogo, wa mtu anayesogea mbele ili asikie.

"Hapana, mama," Pelagia alisema. "Hakuumia."

Bi. Perpetua akaitikia kwa kichwa, tena na tena, kisha uso wake ukavunjika upya, mbele ya wote. Gaudensi aliutazama mpaka akaridhika. Akainuka, akawaaga wajomba kwa adabu, akavaa kofia na kutoka uwanjani. Pelagia alimsikia akifungua geti na kulifunga.

Sasa angeweza kunong'ona. Sikio lilikuwa pale pale, karibu kabisa na mdomo wake, lina hereni ndogo ya fedha. Lakini kesho kungekuwa na kuanua matanga, kisha misa ya mwezi, kisha arobaini, na mkwe angekuja kila mara, aketi karibu na mlango, atazame.

Bi. Perpetua aliegemeza kichwa begani kwake. Pelagia akamkumbatia, akamwacha alie.